Ndui Uliyoambiwa Umeugua

Wifi yangu Mwanahamisi,

Barua ya watu wenye adabu huanza kwa kuuliza hali, kisha hutoa salamu za mtaa mzima mpaka karatasi inajaa kabla ya neno lenyewe kufika. Yako siiulizi, anayeijua ni Mola wako. Na mwandiko wangu usiucheke, maana herufi nilizofundishwa chuoni kwa kiboko mpaka leo zinatembea zikichechemea. Wewe hata alifu hukuijua, lakini ulikuwa ukinipokonya karatasi ukaishika juu chini na kusema, "Hapa umenisengenya, wifi, jina langu nimeliona." Basi leo umo kweli, mstari kwa mstari.

Mwaka umekwisha na miezi miwili juu yake tangu tukuzike. Mwanao Zaituni hatembei tena, anakimbia. Ulimi wake ni wako mtupu. Siku moja mama yako alimkataza kula embe bichi, akajibiwa, "Bibi huna meno, ndiyo maana." Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga, na sote tulijua ni nani aliyemsikia. Mimi ananiita mama. Sikumfundisha. Siku ya kwanza aliponiita hivyo nilitoka nikalia nyuma ya jiko, maana jina lile nilikuwa nimelishika kwa amana tu. Mumeo, shemeji Kombo, hajaoa tena. Wazee walimtafutia mjane wa Pangani, akasema Pangani kuna kuvuka mto kwa pantoni, hapendi. Mvuvi mzima anaogopa pantoni! Tukamwacha na uongo wake, kwa sababu tulijua anachokikataa si pantoni.

Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya habari hizo. Kuna jambo ambalo pale kwetu Moa kila mtu analijua sasa, hata watoto wa chuoni, isipokuwa wewe, na wewe ndiye uliyestahili kuambiwa kabla ya wote. Mwanahamisi, hukupata kuugua ndui utotoni. Ile ilikuwa tetekuwanga.

Najua ungesema nini. Ungesema, "Ondoka hapa, wifi, na kovu hili la usoni nimelinunua dukani?" Basi nivumilie nikuanzie mwanzo, maana nusu yake uliiona mwenyewe na nusu yake ulifichwa.

Unakumbuka ilivyoingia. Ilikuja na mgeni katika harusi ya bintiye Bi Saumu, kijana mpole aliyekuwa akilalamika kichwa na mgongo, tukasema ni uchovu wa safari. Harusi ikaisha, mgeni akarudi kwao, na wiki mbili hazijatimia Bi Saumu na wanawe wawili wa kiume wakalala kwa homa. Baada ya siku chache vipele vikawatoka usoni na mikononi, vyote kwa pamoja, vigumu kama kunde chini ya ngozi. Wazee hawakuuliza mara mbili. Likajengwa banda la makuti nje ya kijiji, ng'ambo ya ule mnazi ulioanguka, wagonjwa wakapelekwa huko, na jumbe akatuma mtu wa baiskeli kumwita dresa wa zahanati.

Likabaki swali la nani ataingia kuwauguza. Desturi ya wakubwa wetu unaijua, wala si desturi ya kijinga: mwuguzi wa ndui ni mtu aliyekwisha kuugua ndui, kwa sababu haimrudii mtu. Lakini watu wa namna hiyo kijijini petu walikuwa wamekwisha kwa uzee. Tukatazamana barazani kwa jumbe, kila mtu anatafuta uso wa mwenzake wenye mashimo. Ukasimama wewe. Ulijikaza kanga kiunoni, ukasema, "Mimi nimeshaugua. Mama anajua." Nikamtazama Mama. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikadhani ni uchungu wa mzazi.

Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka ule ule, na begani kwangu yapo makovu matatu ya chanjo niliyopigwa nikiwa shule mjini Tanga, wakati tukikaa Nguvumali. Uliyajua, kwa sababu uliyakejeli tangu siku niliyoolewa na kaka yako. Siku ile pia hukuniacha. Mtu mmoja alipotaja kwamba mke wa Salimu amechanjwa, ulicheka ukasema, "Hayo makovu ya serikali, wifi, kayaonyeshe serikalini. Ndui ya huku haijui kusoma." Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Wallahi nilicheka, na moyoni nikashukuru kwamba umeniokoa.

Siku hiyo hiyo ulimwachisha Zaituni ziwa. Ulijipaka shubiri, mtoto akaonja, akalia kwa hasira, ukamweka mikononi mwangu ukaondoka bila kugeuka. Mwaka mmoja na nusu alikuwa nao, hajamaliza haki yake.

Dresa alifika kesho yake. Yule Mbondei, Bwana Semkiwa, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Vichupa alivyokuwa navyo vilikuwa vichache, akasema ataanza na waliokaa na wagonjwa, kisha majirani, na sisi wengine tungoje atuletee mzigo mwingine. Zaituni alikuwa na homa ya kuachishwa, akasema naye asubiri. Ilipofika zamu yako, kwa kuwa ulikuwa unaingia bandani, ulimsukumia mkono. "Nafasi yangu mpe mwingine. Mimi nimeshaugua." Alikutazama kovu la kwenye paji la uso, jua lilikuwa linapanda, watu wanamsubiri. Akampa bibi harusi. Yule binti yu hai, Mwanahamisi, na sasa ni mjamzito. Kila nikimwona anapita na ndoo yake najua kinga ile alipewa kwa mkono wako.

Siku zilizofuata nilikuletea chakula. Naweka sufuria juu ya mnazi, naita, narudi nyuma, nawe unatoka. Uliniagiza majani ya migomba kila siku, kwa kuwa mgonjwa wa ndui halali juu ya mkeka, ngozi yake inaganda. Nilikuletea mpaka migomba ya Mama ikabaki vijiti. Na wewe hata hapo hukuacha. "Wifi, uji wako una madonge. Wagonjwa wanasema bora ndui." Nilikasirika siku nzima. Kesho yake nilikoroga uji ule mpaka mkono ukauma, nikakuletea, ukaonja, ukasema, "Sasa umekuwa maji." Leo ningekupa nini nisikie maneno yale tena.

Mwana mkubwa wa Bi Saumu akafa. Ulimzika karibu wewe peke yako. Mama mtu na mdogo wake wakaanza kukauka vigaga, tukasema tumevuka. Kisha asubuhi moja ulitoka umeshika kiuno. Nikakuuliza. Ukasema, "Mgongo tu, wifi, nimechoka kuinama." Nami nikarudi nyumbani na neno lile la mgongo, na njia nzima nilimwona yule mgeni wa harusi.

Siku ya tatu yake ulitoka nikakuona vipele usoni. Jua lilikuwa nyuma yangu, linakumulika wewe. Ulijigusa shavu, ukavitazama viganja vyako, kisha ukanitazama mimi.

Kwa siku mbili hukuwa na mtu. Bi Saumu ndiyo kwanza alikuwa anaweza kuketi, na mwanawe ni mtoto. Siku mbili nilisimama kwenye mnazi ule nikakusikia ukiomba maji, na Bi Saumu akikutambalia na kata mkononi. Nilijiambia chanjo ya shuleni imeshazeeka. Nilijiambia Zaituni atabaki na nani. Nilijiambia mengi, yote yenye maana, na yote yalikuwa woga. Siku ya tatu akaja Mzee Mbwana kutoka kijiji cha pili, mwenye uso wa mashimo ya ndui ya kweli, akanipita pale nilipo hata salamu hakunipa, akaingia. Nilimwamkia shikamoo akiwa keshanipa mgongo. Yeye ndiye aliyekunywesha maji mpaka ukafa, siku ya tisa.

Tulikuzika kwa haraka, wanaume wachache, sisi wanawake tukalilia nyumbani. Bi Saumu na mwanawe walipoangusha kigaga cha mwisho, dresa alilichoma banda na vyote vilivyokuwamo.

Sasa ndipo inapoanza ile nusu usiyoijua. Dresa alirudi na dawa ya kututosha sote, na hakukuta watu. Shemeji Kombo alikuwa amesimama barazani kwa jumbe, Zaituni begani, akasema, "Mke wangu aliugua ndui. Mungu mwenyewe alimpa kinga, na kinga ile ikamwacha. Hii ya kisu cha Bwana Semkiwa itamfaa nini mwanangu?" Si mjinga, Kombo, wewe unamjua. Ukishakubali kwamba uliugua ndui mara mbili, basi maneno yake ni sawa kabisa, na chanjo ni kuchana watoto bure. Milango ikafungwa, kuanzia kwake mpaka mwisho wa kijiji.

Dresa hakukasirika. Alikaa kwenye kigogo akavua miwani akaisugua. Akasema mwili wa mtu una akili yake, akili isiyopitia kichwani. Ukishapigana na adui mmoja ukamshinda unaijua sura yake, na akirudi anakuta anangojwa mlangoni. Chanjo, akasema, ni kuuonyesha mwili ndugu mpole wa ndui, anayetoka kwa ng'ombe, ili mkubwa akija asiwe mgeni. Lakini mwili haujui kubahatisha. Ukimjua mwizi mmoja hujawajua wezi wote. Tetekuwanga, akasema, inafanana na ndui kwa mavazi tu, ukoo wake ni mwingine, na aliyeugua ile hana alichojifunza kuhusu hii. Kisha akanigeukia mimi. "Wifi yako alikuwa na alama mikononi? Viganjani? Nyayoni? Ndui hupenda huko. Tetekuwanga hupenda kifua na mgongo."

Mimi, Mwanahamisi, ndiye niliyekupaka hina. Harusi ngapi na idi ngapi nimekushika miguu mapajani mwangu nikikuchora, nawe unalalamika ninakutekenya. Viganja vyako na nyayo zako nilizijua kuliko zangu. Zilikuwa laini, hakuna hata doa. Makovu uliyokuwa nayo ni lile la paji la uso, na matatu ya mgongoni niliyokuwa nikiyaona tukioga. Dresa akasema atarudi Jumatatu ya juma linalofuata, mara ya mwisho, kisha anahamia vijiji vingine.

Nilikwenda kwa Mama. Alikuwa anasuka ukili. Nikamwuliza kama ile ya utotoni ilikuwa ndui kweli. Hakuinua macho, aliendelea kusuka, na nikaona anasuka vibaya, anarukisha.

Ulikuwa na kaka, wifi, kabla ya Salimu na kabla yako. Bakari. Hakuna aliyekutajia, hata Salimu hakujua. Alichanjwa akiwa mdogo, na donda lake wakalipaka majivu na udongo wa kichuguu, ndivyo walivyojua kuponya donda. Siku ya kumi taya zikafunga, mgongo ukapinda, akafa. "Pepopunda," nikamwambia Mama, "ni ule udongo." Akasema, "Leo ndiyo nasikia udongo. Mimi n'lijua kisu." Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miaka ikapita, wakaja tena watu wa chanjo, nawe ulikuwa umetoka kuugua tetekuwanga, vigaga havijakwisha. Mama akakushika kidevu, akakuinua uso kwenye mwanga, akasema, "Huyu keshaugua ndui." Yule bwana alikuwa amechoka. Akapita.

Nataka uyapate maneno yake kama alivyoyasema, sitaki kuyapamba. "N'limwambia mtu wa chanjo mara moja tu. Kisha n'kamwambia jirani aliyesikia, maana huwezi kusema hivi huku na vile kule. Kisha mwenyewe akaniuliza lile kovu, n'kamwambia na yeye. Miaka ishirini, mkaza mwanangu. Uongo ukikaa nyumbani miaka ishirini unakuwa mtu wa nyumbani."

Nikamwuliza, na siku ile barazani, uliposema Mama anajua? Mikono ikasimama. Akasema, "Siku ile nami n'lijiuliza kama kweli n'lidanganya. Na watu walikuwa wanamsifu. N'kaona haya."

Nilitaka kumpiga. Mungu anisamehe, mwanamke wa umri ule, aliyemzaa mume wangu, nilitaka kumpiga makofi. Kisha nikakumbuka nani mwingine alikaa kimya kwenye mkeka ule. Tena yeye alinyamaza akiwa hana hakika. Mimi niliyekuwa na makovu matatu nilikuwa na hakika ya kutosha, nikacheka. Nikamwambia hayo. Tukakaa, wanawake wawili tuliokuua, hakuna wa kumtuliza mwenzake. Halafu akanishika mkono akasema, "Usimwambie Kombo."

Hapo ndipo niliposhindwa, wifi. Nisipomwambia Kombo, Zaituni hachanjwi, na ndui ikirudi itamkuta hana kitu, kama ilivyokukuta wewe. Nikimwambia, nimemvua nguo mama mkwe wangu mbele ya kijiji, na jambo hilo mkaza mwana halifanyi akabaki na uso. Siku zote zile mpaka Jumatatu nilizunguka na neno hilo mdomoni. Nilimwogesha mtoto, nikamkausha mikono, nikazitazama zile nyama za begani zisizo na alama. Sikumwambia Kombo. Nakiri kwako hivyo hivyo. Kwa mara ya pili nilinyamaza.

Jumatatu dresa akatandika vitu vyake barazani. Watu kumi na kidogo, wengi wamekuja kutazama tu. Kombo alikuja na Zaituni makusudi, aseme hapana mbele ya watu asije akasingiziwa kujificha. Hajafungua kinywa, Mama akasimama. Hakuwa amevaa buibui, alikuwa na kanga zake za shamba. Akasema, "Wakubwa husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha maradhi. Mimi n'limsingizia mwanangu maradhi asiyougua, na kifo kimeniumbua vile vile." Akayasema yote. Bakari, kile kichuguu, kidevu chako mkononi mwake, na haya aliyoiona siku ile barazani. Hakulia wala hakuomba msamaha. Alipomaliza alikunja mkono wa gauni lake akamsogelea dresa akamwambia, "Anza na mimi, nami sijapata kuchanjwa."

Kombo alimgeukia. Nilidhani atamwaga maneno yasiyozoleka. Alimweka Zaituni mapajani mwa Mama, palepale alipokaa anachanjwa, akageuka akaenda zake upande wa pwani. Siku tatu hakukanyaga nyumbani kwetu. Siku ya nne alikuja na samaki wawili, changu, amewatunga kwa ukuti, akawaweka mlangoni kwa Mama, akasema, "Shikamoo." Hilo tu. Mama akaitikia marahaba akiwa ndani.

Zaituni alipiga kelele wakasikia mpaka mpakani. Siku ya nne pakainuka kipele, siku ya nane kimejaa, mkono umevimba, mtoto ana homa. Mama alihangaika siku zile kuliko mtoto. Hakumruhusu mtu kupaka hata mafuta. Kutwa nzima amekaa na pepeo anafukuza nzi, na jirani mmoja alipokuja na majivu yake kwenye kifuu kwa nia njema kabisa, alifukuzwa mpaka barabarani. Kigaga kikakauka, kikaanguka, kikaacha kovu la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Mama alilibusu. Wiki ile ile nyumba zilizofungwa zikafunguliwa moja moja, na dresa hakuhama mpaka vichupa vyake vikaisha.

Nami nilichanjwa mara ya pili. Pakawasha siku mbili, pakawa pekundu, pakatulia, hapakuumuka kama pa mtoto. Nikadhani dawa yangu mbovu. Dresa akacheka, akasema hapana, mwili wako haukushtuka kwa sababu unamkumbuka yule ndugu mpole. Alidhani ananipa habari njema. Nilirudi nyumbani nikajifunika kanga gubigubi, nikalia mpaka Salimu akaogopa. Maana basi siku zile mbili, Mwanahamisi, nilipokuwa nimesimama kwenye mnazi, kinga ilikuwamo mwilini mwangu.

Sasa nikwambie ninakoandikia. Sipo nyumbani. Ndui imetokea kijiji cha ng'ambo ya mkono wa bahari, mwanamke mmoja na bintiye wa miaka saba hivi, wote wawili hawakuwahi kuchanjwa. Wakaja kutafuta mwuguzi. Mzee Mbwana alikwishafariki mwezi wa Ramadhani, na mwingine mwenye uso wa mashimo hawakumpata pwani yote hii. Barazani watu wakatazamana kama siku ile. Nikasimama. Salimu alisema nina wazimu, kisha akanibebea furushi mpaka kwenye mtumbwi. Mama akanisogelea. Alinikaza kanga kiunoni kwa mikono yake, akavuta fundo mara mbili.

Leo ni siku yangu ya sita humu bandani. Dresa alinipa karatasi za daftari lake na kalamu nimwandikie hali ya wagonjwa, naye huzisoma kwa mbali ninapozishika juu. Hii sitamwonyesha. Kila kilichoingia humu kitachomwa pamoja na makuti, ndiyo maana nimeandika bila kuficha. Na naogopa, nisikudanganye. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto nakagua viganja vyangu. Lakini naingia. Nawageuza, nawabadilishia majani ya migomba, nawapa uji, na madonge yamo, leo hakuna wa kuniambia. Mama mtu hali yake si nzuri. Mtoto amefungua jicho moja tangu jana.

Zaituni nitamlea, hilo hukuwa na haja ya kuniusia. Akikua atauliza, na nitamweleza. Sitamwambia ulikwenda ukijua hatari, maana hukujua. Wala sitamwambia ulidanganywa tu, maana hujawahi kuingia mahali kwa kusukumwa. Nitamwambia mama yake alidhani ana kinga akaitumia kwa ajili ya watu, na kwamba mimi niliyekuwa nayo kweli niliiweka nyumbani. Atanichukia kidogo. Nitavumilia, ni haki yake.

Msamaha wako siuombi kwa karatasi, tutaonana na utaniambia mwenyewe, kwa ulimi ule ule. Mola akupe raha mahali ulipo, akutengenezee kitanda kisichouma mgongo. Na hili nakuahidi: popote ndui itakapotokea pwani hii, maadamu nguvu ninazo na miguu inanibeba, hatakaa mtu siku mbili peke yake akiomba maji.

Mtoto ameamka. Anaomba maji. Naingia.

Wifi yako,
Rukia